Ng'ombe wa Mama Wanjiru alivyonifanya nibadilishe front forks na breki za pikipiki yangu

Wakuu, heshima kwenu wote, walio kazini na walio likizo.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza kama inafaa kutoa front forks, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele, na breki za pikipiki ya kisasa uziweke kwa pikipiki ya zamani. Mafundi wamemjibu vizuri.

Mimi si fundi. Lakini hiyo kitu niliifanya mwanzo wa miaka ya sabini, hapa hapa Eldoret, na yaliyonipata yalishuhudiwa na kundi la watu. Wengine bado wako hai. Kwa hivyo hata nikitamani kuongeza chumvi, siwezi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa AI.

Si hii AI yenu ya kompyuta. Ya ng'ombe. Kupandisha ng'ombe bila ndume, kwa mbegu unazobeba kwenye flask.

Wazungu wengi walikuwa wanauza mashamba na kuondoka. Watu walikuwa wanaungana kwa vikundi, wananunua shamba moja kubwa, halafu linakatwa plots. Kila aliyepata plot alitaka ng'ombe wa grade, wa damu ya kizungu mwenye maziwa mengi, na mwenye ng'ombe wa grade hakutaka ndume wa jirani. Alinitaka mimi.

Watoto waliniita Ndume ya Pikipiki. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nilikuwa nawapigia honi.

Sasa hiyo pikipiki. Ilikuwa ya Kiingereza, ilinizidi umri, niliinunua kwa mzungu aliyekuwa tayari amefunga mizigo yake. Engine ilikuwa tamu, sitasema uongo. Shida ilikuwa mbele.

Spring za forks zilikuwa zimekufa. Kila shimo la barabara ulilisikia kwa meno. Na ile front brake, wakuu, ukiikamua ilikuwa kama kusalimiana na mtu asiyekupenda. Nilikuwa nakamata lever kwa vidole vyote vinne, kwa nguvu zangu zote, na huku naburuza buti chini. Ndivyo nilivyokuwa nasimama.

Route yangu ya Jumanne na Ijumaa ilikuwa upande wa Ainabkoi. Watu walikuwa wanangoja na ng'ombe wao barabarani, kwenye crush, ile boma nyembamba ya mbao ya kufungia ng'ombe mmoja asigeuke. Kulikuwa na crush moja chini ya mteremko mrefu wa murram. Huo mteremko ulinijua kwa jina.

Hapo ndipo alipokuwa akiniletea ng'ombe wake Mama Wanjiru.

Mama Wanjiru alikuwa mjane. Mume wake alijiunga na kikundi cha kununua shamba, akafariki kabla plots hazijagawanywa. Plot ikatoka kwa jina la mama. Shemeji yake, Njoroge, hakuwahi kukubali. Kila mkutano alikuwa anasema mama mmoja hawezi kulima ekari zote hizo, afadhali ampatie yeye apande ngano.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi na mweupe, mzuri sana. Angezaa kungekuwa na maziwa, na Njoroge angekosa la kusema.

Mara ya kwanza nilichelewa kwa sababu bolt ya fork ilichomoka njiani. Joto la ng'ombe, zile saa chache anazokubali kupandishwa, likapita. Mama akamfungua ng'ombe wake, akarudi naye nyumbani.

Mara ya pili ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikateremka, nikakamua breki, pikipiki ikaendelea tu na safari yake. Mbele ni watu na ng'ombe. Nikakata kona nikaingia shamba la viazi la Mama Wanjiru, forks zikazama kwenye mtaro wa kwanza, na mimi na flask tukaenda kila mtu njia yake.

Flask ilipasuka. Mbegu zote zikamwagikia viazi.

Mzee mmoja akasema polepole, "Mwaka huu tutachimba ndama."

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Hata mimi nilicheka kidogo, nikiwa bado nimelala. Mama Wanjiru hakucheka.

Njoroge akaongea kwa sauti ili kila mtu asikie. "Hii ng'ombe ni tasa. Mara ya tatu ikikataa, mimi mwenyewe nitaipeleka kwa butcher, na hayo mambo ya plot tutayazungumza vizuri."

Mama alinisaidia kuinua pikipiki. Akaniuliza, "Daktari, sasa ni siku ngapi?"

"Ishirini na moja, Mama, ndipo joto lirudi."

"Sawa. Lakini ukija, usimame."

Hiyo sentensi nililala nayo usiku huo.

Nikaenda kwa Fundi Odhiambo. Huyu alikuwa amefanya kazi karakana ya reli miaka mingi, sasa alikuwa na kibanda nyuma ya posho mill, na lathe moja, mashine ya kuchonga chuma, aliyoitunza kuliko watu wengine wanavyotunza suti ya harusi. Akainama, akabonyeza forks, akapiga drum ya breki na kidole.

"Bwana Daktari," akasema, "hii hairekebishiki. Hii inazikwa. Tafuta sehemu ya mbele nzima ya pikipiki ya Kijapani. Forks, gurudumu, drum, kila kitu. Mimi nitaifunga."

Wakati huo pikipiki za Kijapani zilikuwa bado chache. Nikauliza kila crush niliyopita. Siku ya sita nikaambiwa kuna katekista huko kijiji cha Ziwa ambaye engine ya pikipiki yake imekufa kabisa, ameiegesha ghalani.

Kufika, kweli iko. Forks safi, mafuta hayavuji, drum kubwa ya mbele. Roho ikatulia. Katekista mtu mpole, akakubali tubadilishane na baiskeli yangu, ambayo alisema itamfaa zaidi kwa sababu haihitaji maombi.

Shida moja. Kuku alikuwa ametaga chini ya gurudumu la mbele, kati ya forks na ukuta, na alikuwa ameatamia.

Mke wa katekista akaja na mikono kiunoni. "Huyo hatolewi mpaka atotoe."

Nikamwambia nitamhamisha taratibu, mimi ni mtu wa mifugo.

"Kama wewe ni mtu wa mifugo," akasema, "basi unajua akihamishwa anaacha mayai."

Alikuwa anasema ukweli. Na kuku, kwa wasiojua, naye anaatamia siku ishirini na moja kamili. Huyu alikuwa amebakisha tisa. Nikahesabu kwa vidole hapo hapo ghalani. Ng'ombe wa Mama Wanjiru alikuwa amebakisha kumi na tano.

Basi, pikipiki ikiwa imefunguliwa kwa Odhiambo na baiskeli nimeshamwachia katekista, nikawa napiga route yangu kwa miguu na kwa lift za lori la maziwa, huku nikimngoja kuku. Sijawahi kuwaambia wakubwa wangu.

Siku ya kumi na tano nikarudi Ziwa. Vifaranga kumi na mmoja. Mke wa katekista akaninywesha chai, kisha akanisaidia yeye mwenyewe kufungua nuts.

Hapa kijana uliyeuliza swali, sikiliza, kwa sababu hii ndiyo sehemu yako.

Sehemu ya mbele ya pikipiki nyingine haiingii tu. Ile chuma ya kati ya forks, inayopita kwenye shingo ya frame, ilikuwa nyembamba na fupi kuliko ya zamani. Odhiambo alichonga bush mbili, vibomba vya kujaza nafasi, kwenye lathe, akakosea moja, akachonga nyingine. Taa haikutoshea, akatengeneza bracket ya bati. Cable ya breki ilikuwa fupi, akashona nyingine kutoka kwa cable mbili. Mbele ilikaa chini kuliko zamani, pikipiki ikawa kama ng'ombe anayekunywa maji.

Alimaliza jioni ya siku ya ishirini.

Akanikabidhi, halafu akaushika mkono wangu wa kulia akautazama kama daktari. "Huu mkono umezoea kuomba. Hii breki haiombwi. Tumia vidole viwili. Na uzunguke mjini siku tatu kabla ya kwenda mlimani."

"Sina siku tatu."

"Basi vidole viwili," akasema.

Kesho yake nikatoka mapema. Wakuu, forks nzuri ni kitu cha ajabu. Mashimo niliyoyajua miaka miwili, nilipita juu yake kama yamezibwa. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisa ndani ya koti.

Nikafika juu ya mteremko. Chini naona crush, naona ng'ombe mweusi na mweupe tayari amefungwa ndani. Joto limekuja siku yake. Watu waliponiona walisogea mbali na barabara, wengine wakapanda kingo. Walikuwa hawajasahau. Njoroge peke yake alibaki katikati, mikono nyuma.

Mnajua kiburi cha kijana. Nilitaka nisimame futi moja kutoka kwa kiatu cha Njoroge.

Nikaacha pikipiki iteremke. Nilipofika nilipopataka, mkono ukafanya kile ulichozoea miaka yote. Vidole vinne, nguvu zote.

Gurudumu la mbele likasimama. Mimi sikusimama.

Nilipita juu ya handlebar, nikapita kando ya Njoroge, nikaangukia bega la kushoto karibu na miguu ya Mama Wanjiru. Akaniinamia.

"Leo umesimama mapema," akasema.

Flask ilikuwa salama. Nilikuwa nimeifunga kwa gunia na manyoya ya kondoo. Lakini mkono wangu wa kushoto haukuinuka.

Kwa wasiojua hii kazi: mkono wa kushoto ndio unaoingia kwa ng'ombe, kwa nyuma, mpaka kiwiko, ushike mlango wa kizazi kwa ndani. Wa kulia unapitisha mrija. Bila wa kushoto huna kazi. Mwenzangu wa karibu alikuwa upande mwingine wa Eldoret, na akifika joto litakuwa limepita.

Njoroge akakohoa. "Basi hiyo ni mara ya tatu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Wanjiru akawa ameanza kukunja mkono wa sweta.

"Niambie nifanye nini," akasema.

Nikamwambia hairuhusiwi, na ni ngumu, na watu wanasoma miezi. Akaomba sabuni. Wanaume kadhaa wakaanza kuangalia mawingu.

Alipaka sabuni mpaka juu ya kiwiko, akaingiza mkono. Mimi nikasimama kando yake na mrija kwa mkono wa kulia.

"Unashika nini?"

"Mavi."

"Toa kwanza. Sasa rudi, bonyeza chini polepole. Kuna kitu kigumu kama shingo ya kuku."

Uso wake ulikuwa umegeukia Ainabkoi, macho amefunga.

"Shingo ya kuku naijua," akasema. "Niko nayo."

"Usiiachilie."

Nikapitisha mrija. Yeye akauongoza kwa ndani, taratibu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Nilihisi umepita. Nikasukuma mbegu. Tulimaliza kabla Njoroge hajapata neno lingine.

Halafu ikawa kungoja. Siku ishirini na moja zikapita, ng'ombe kimya, joto halikurudi. Nyingine ishirini na moja, kimya. Baada ya miezi tisa alizaa ndama jike, na mama akaanza kupeleka maziwa barabarani kila asubuhi, kopo limejaa. Maneno ya butcher na ya ngano yakaisha yenyewe.

Bega langu lilipona nikarudi kwa route. Ijumaa moja nikateremka ule mteremko, vidole viwili, nikasimama vizuri kabisa mbele ya crush. Njoroge alikuwa pale na ng'ombe wake mwenyewe. Nikachukua flask, nikakunja mkono.

Akanitazama, akatazama barabara nyuma yangu.

"Mama Wanjiru hajafika?" akauliza. "Mimi ningependa ashike yeye."

Na alimngoja, wakuu. Nusu saa nzima.

Kwa hivyo kijana, jibu langu ni ndiyo, badilisha. Forks nzuri na breki nzuri nilizitumia miaka mingi baadaye bila majuto. Lakini fundi anabadilisha chuma tu. Mkono wako unabaki wa zamani, na huo unaufundisha mwenyewe, polepole, mahali tambarare, mahali ambapo shemeji wa mtu hayuko.

Nafasi ni yenu. Aliyewahi kuruka juu ya handlebar aseme aliangukia wapi, na ni nani alikuwa akitazama.