Siku Niliyomtafsiria Bingwa wa Tenisi Kanisani

Jamani, hili nilitaka nife nalo, ila kwa kuwa nusu ya Waafrika wa Granville wameshalisikia, tena kwa chumvi nyingi, bora mlipate kwangu mimi niliyeaibika.

Kanisa letu lilimwalika mama mmoja, bingwa mstaafu wa tenisi wa hapahapa Sydney, aje kuwasimulia vijana alivyofika juu, na baada ya hapo angechagua watoto wa kuwafundisha bure kule Parramatta, na binti yangu Neema, anayelala na raketi kitandani, alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa wasiwasi. Mara mkalimani wetu akaitwa kazini (ndizo shifti za kutunza wazee hizo, simu ikilia umeondoka), Mchungaji akauliza nani atasaidia, Neema akanivuta koti, "Daddy, no," lakini mimi huyo, nimeshafika mbele! Si nilifundisha Kiingereza kambini kwa wakimbizi, Tanzania? Tenisi ni nini hata inishinde?

Mwanzo tulienda vizuri, baba yake fundi magari, yeye akipiga mpira ukutani mwa gereji mpaka majirani wanalalamika. Tukafika kwenye fainali. Akasema alikuwa nyuma, arobaini kwa... nikasikia "love", neno la upendo, nikapaaza sauti, "Watu arobaini walimwonyesha upendo!" Akina mama vigelegele. Bingwa akashangaa kidogo kuona tunashangilia yeye akifungwa, akaendelea kwa moto zaidi, eti akaokoa pointi moja, ya pili, ya tatu, na mimi nikanasa hilo la kuokoa tu: "Akaokoka! Akaokoka tena! Na tena!" Haleluya zikapasua paa, mpiga kinanda naye akaingia (Mchungaji peke yake ndiye alikuwa anakuna kichwa).

Hapo ningenyamaza. Lakini watu wanakushangilia, utanyamazaje?

Bingwa akasema mpinzani alimvunja, nikatafsiri hivyohivyo, alimvunja. Mama Furaha, mama yetu wa Kikongo, akatoka mbio kwenye kiti chake, akaanza kumpapasa mgeni mikono. "Pole mama yangu! Alikuvunja wapi? Mukono ao muguu?" Bingwa akadhani anapongezwa, akamkumbatia, akainua ngumi juu na kusema kwa furaha jinsi alivyojibu, nami nikainua yangu, nikanguruma:

"Nikamvunja uti wa mgongo!"

Mama Furaha akarudi nyuma taratibu. Baba mmoja akauliza, "Na polisi hawakumkamata?" Kule nyuma vijana wanaanguka kwenye viti kwa kicheko, na Neema amejifunika uso kwa koti.

Bingwa akaniuliza nimesema nini. Jasho linanitoka, nikamweleza yote, hata ya upendo. Akainamisha uso viganjani, mabega yakaanza kutetemeka, nikajua nimemliza mgeni na nafasi ya mwanangu imekwenda na maji. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za madhabahu.

Ndipo Neema akaja mbele. Huyu mtoto nyumbani hata nikimuuliza kama amekula hunijibu kwa Kiingereza. Akanyoosha mkono, "Baba, leta maiki," akawageukia watu.

"Hakuna mifupa ilivunjika," akasema. "Kuvunja ni hivi, mwenzako ndiye anaanzisha mpira, wewe unamshinda kwa zamu yake. Yeye alivunjwa, akavunja pia, akarudisha. Kurudisha na mgongo, kwa Kiingereza neno ni moja, back. Na ile upendo ni sifuri tu."

Ngeli zilikwenda zinakojua zenyewe, lakini hakuna aliyekosa kuelewa, na alitafsiri mpaka mwisho watu wamesimama wanapiga makofi, Mama Furaha akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevua tai, sijui nilie au nicheke.

Jumamosi iliyofuata Neema alijaribiwa uwanjani pamoja na wenzake, akachaguliwa. Siku hizi nampeleka mwenyewe, nakaa nje ya wavu, mdomo nimeufunga. Akipiga mpira, napiga makofi tu, na hata hayo nasubiri kwanza wazazi wengine waanze.