Kitambulisho cha Mama Mdogo

Fomu ya bima ilikuwa na kurasa nne, na Reuben Kiprono alikwama kwenye ya kwanza. Mwanachama mpya asiwe amepita miaka sitini na mitano. Kitambulisho cha mama yake, Rael, kilisema sitini na saba.

"Hana miaka hiyo," alimwambia Fabian, wakala wa bima, Mkenya aliyezungukia kambi za walinzi kila Ijumaa. "Alijiongezea mitano ili aandikwe kuchuma chai. Chifu alimtazama kimo tu, akajaza."

"Bwana, kompyuta haimjui chifu wenu."

Ilikuwa 2013. Reuben alikuwa na mwaka wa sita kwenye lango la mnara wa ofisi huko West Bay nchini Qatar, kazi yake kupokea kitambulisho cha mgeni, kulinganisha picha na uso, na kuandika jina daftarini. Yeye alikuwa na kadi ya afya ya Qatar; jino likimuuma, anatibiwa. Mama yake, kule Kericho, alikuwa na presha iliyoanza kumla figo, na dawa alinunua nusu dozi. Chama cha kambini hakikuweza kumsaidia: walichangia kusafirisha maiti, si kutibu mgonjwa.

"Si nitarekebisha umri?"

"Rekebisha. Cheti cha ubatizo, kiapo cha wakili, halafu usubiri Nairobi, labda miezi minane. Na ugonjwa wa zamani bima haiugusi mpaka mwaka uishe. Jumlisha mwenyewe, kisha uulize figo kama zitangoja."

Reuben hakuziuliza. Alimpigia Emily, mdogo wake Rael, mwenye miaka hamsini na minane kwenye karatasi.

"Chukua kitambulisho, mwanangu," Emily alicheka. "Mimi siugui, nina damu ya ng'ombe. Na Rael akiwa Emily atarudi usichana, apate bwana mwingine."

Rael hakucheka. "Nikifia hospitalini, nitakuwa nimekufa kwa jina la nani?"

"Mama, unakwenda kutibiwa, si kufa."

Palikuwa na bima ya kulazwa tu, na nyingine ghali zaidi iliyolipia pia kliniki na kusafisha damu. Reuben alichagua ya pili. Picha na alama za vidole zikawa za Rael. Jina na namba, za Emily.

Mwaka wa kungoja ulikwisha Novemba 2014, Rael akiwa amevimba miguu lakini hai. Kuanzia hapo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. "Manesi wananiita Emily," alimwambia mwanawe kwenye simu. "Siku za kwanza nilikuwa nageuka kumtafuta. Sasa naitika."

Aliitika kwa miezi saba. Jumanne moja ya Juni, saa mbili asubuhi, Emily alipiga simu: "Reuben, dada ametuacha."

Reuben alikwenda ofisi ya kampuni na picha ya karatasi ya kifo ya hospitali kwenye simu yake. Likizo zilishughulikiwa na Carolyne, msichana wa Nakuru, na bila sahihi ya kampuni hakuna aliyepata kibali cha kutoka Qatar.

"Pole sana, kaka." Akafungua faili. Akaitazama simu tena. "Hapa mama yako ni Rael. Emily ni nani?"

"Ni mama."

"Mama yupi, Reuben?"

Gharama za wiki ya mwisho zilikuwa bado hazijalipwa na bima. Akisema ukweli, zingemwangukia Emily, na pengine polisi juu yake.

"Mama mdogo," akasema.

"Likizo ya dharura ni ya mzazi, mke au mtoto. Niletee karatasi ya Rael, nikusainie leo hii."

"Haipo."

"Basi yuko hai, kaka. Mshukuru Mungu."

Reuben alimshukuru Carolyne, akatoka.

Rael alizikwa Jumamosi. Kabla jeneza halijashushwa, Emily alimpigia Reuben kazini. "Kibali cha mazishi kina jina langu," alisema. "Nimekuja kujizika." Alijaribu kucheka, kisha kikasikika kilio tu. Nyuma yake mchungaji alitaja jina la Rael, lote, na waliohudhuria wakaitikia.

Mgeni alikuwa amesimama langoni. Reuben aliitia simu mfukoni bila kuikata, akapokea kitambulisho, akatazama picha, akamtazama mtu usoni. Vililingana. Aliandika jina.