Polishi Juu ya Udongo

Harufu ya polishi ya viatu inanitia kichefuchefu hadi leo. Nikipita stendi ya mji wa Wote, pale kwa wanaong'arisha viatu, mimi hubana pua na kuvuka barabara. Watu hudhani naringa. Wacha wadhani.

Kila Jumamosi nilikaa na vijana kwenye ukumbi wa kanisa, tukifinyanga udongo wa kijivu tuliochota kando ya mto. Ndiyo kazi niliyosomea: kumsaidia kijana aseme kwa mikono yale ambayo mdomo umekataa. Sheria zetu zilikuwa chache. Finyanga unachotaka, na hakuna wa kukuuliza maana yake. Udongo hatukuuchoma. Siku ya mwisho kila mmoja angetia chake kwenye ndoo ya maji kwa mkono wake, akitazame kikiyeyuka, kisha aende nyumbani.

Kulikuwa na msichana aliyetoka Tseikuru. Alizaa akiwa kidato cha pili, mtoto akafa, na yeye akiwa bado amelazwa hospitali, watu wa kwao wakamzika mtoto bila hata kumwonyesha. Wakamleta kwa shangazi yake huku Makueni, na kila aliyemwona akamwambia ashukuru Mungu, sasa anaweza kurudi shule. Ashukuru! Nikikumbuka tu nataka kutema mate. Kwa wiki nyingi alikuwa anasalimia na kukaa. Halafu akafinyanga mtoto aliyelala, mdogo kama kiazi kitamu, masikio yake yametengenezwa kwa uangalifu hadi mikunjo.

"Madam, huyu nitamweka mimi mwenyewe," akaniambia. "Yule mwingine waliweka wao."

Sasa, mwenyekiti wa mradi wetu. Mzee wa kanisa, tumbo la heshima, ujanani aliuza vinyago kwa watalii kando ya barabara ya Mombasa. Alichojua maishani ni kimoja: kitu kikimetameta, mzungu anasimamisha gari. Alikuwa amealika wageni kutoka Nairobi waje kuona kazi ya vijana, tena siku ile ile ya mwisho, na mimi hakuniuliza. Nilipofungua mlango asubuhi, harufu ikanipiga usoni. Alikuwa amepaka kila kitu vijana walichofinyanga polishi nyeusi ya viatu, akasugua kwa brashi, akavipanga juu ya kitambaa cheupe.

"Si umeona vile zimetoka smati?" akaniuliza, kwa macho makavu.

Nikamwambia hivyo si vinyago vyake, awarudishie wenyewe.

"Ai, madam! Wewe nawe unapenda vita. Wageni wako njiani."

Wakaja, wakaombewa, wakala kuku. Mmoja wao, vidole bado vina mafuta, akamwinua yule mtoto kwa mguu. Kwa mguu! Akamgeuza chini juu kama anayekagua nyanya sokoni.

"Simama, mwanangu," mwenyekiti akamwambia msichana. "Waambie wageni yaliyokupata. Usiogope, wamekuja kusaidia."

"Hasemi kitu," nikasema, lakini msichana tayari alikuwa amesimama. Akamtoa mtoto mkononi mwa mgeni, akaenda kwenye ndoo, akamzamisha. Tukangoja. Maji yaliteleza tu juu yake. Mtoto alikaa pale chini ndani ya ndoo, mweusi, anang'aa, mzima.

Mwenyekiti akapiga makofi. "Mnaona hiyo kazi? Hata maji haiingii!"

Jamani. Kuna binadamu unatamani kumtapikia viatu, na vyake siku hiyo vilikuwa vimepakwa polishi ile ile.

Msichana akamtoa mtoto majini, akaburuta ndoo hadi nje ya mlango, akapiga magoti. Akachota mchanga kiganjani, akaanza kumsugua huku akimchovya majini. Mgongo. Makwapa. Nyuma ya masikio, polepole, kwa ncha ya kidole. Polishi ikamjaa kwenye kucha. Nikapiga magoti nikamshikia ndoo. Nyuma yetu mtu alikuwa akipiga picha. Nilimgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya ashushe simu.

Mara udongo ukaanza kuonekana, wa kijivu, na maji yakashika rangi yake. Akamwangalia kila upande, kama kuna mahali amesahau.

"Sasa ameoga," akasema, akamwachilia majini.