Picha ya Mwalimu na Mgongo Wazi

Wiki hii, rafiki yangu, nimehamishwa lindo. Nimetolewa mlango wa duka la mtaa wa Abu Hamour, huku ughaibuni, nikapelekwa ukumbi wa maonyesho, nihakikishe hakuna anayegusa picha moja ya rangi za maji: mwanamke anamfunga jeraha askari wa adui, nyuma yao ngome inawaka. Maelezo yanasema ni tukio la riwaya ya kihistoria. Sikuhitaji kuyasoma. Nikiitazama nachefukwa, hadi mwenzangu Mganda akaniuliza, "Dada, hiyo picha imekukosea nini?" Nikamjibu kwamba inanuka.

Riwaya hiyo mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa akitusomea Ijumaa, kitabu hakina hata jalada. Tukio hilohilo akalichora mwenyewe, alipeleke kwenye mashindano ya wilaya. Paa lake lilivuja, basi akanipa mimi picha niitunze hadi Jumatatu. Niliiweka chini ya kitanda, juu ya madaftari ya zamani.

Sasa, bibi yangu aliuza mgongo wazi njia panda, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Nyumba nzima ilinuka shombo, na sare yangu pia. Lakini mifupa ile ikilia kwenye mafuta, mtaa wote ulisogea. Kazi yangu ilikuwa kuchana madaftari ya kufungia samaki. "Karatasi ni karatasi," bibi alizoea kusema. Jumamosi ile nilikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba, nikambebea rundo zima bila kulitazama.

Jioni mwalimu akaja, akala amesimama kama kawaida yake. Mifupa ilipobaki mitupu nikauona, kwenye karatasi aliyoshika, uso wa yule mwanamke wa picha, umelowa mafuta, gamba limeganda jichoni. Naye aliuona. Alinitazama mimi, hakumtazama bibi. Akaikunja karatasi na mifupa ndani, akasema, "Asante mama. Samaki wako ni mtamu."

Jumatatu hakuniuliza kitu. Kitabu hakukifungua tena, na darasa zima halikujua kama yule askari alipona.

Watu husema yaliyopita si ndwele. Waseme. Bibi hayupo, mwalimu hayupo, na njia panda ile siku hizi ni kituo cha petroli. Nimebaki mimi na kinyaa changu, najichukia mwenyewe. Neno la kumwomba mwalimu msamaha lilinifika mdomoni asubuhi ile ya Jumatatu, nikalimeza.