Salamu Zimefungwa Hadi Saa Kumi

Mama Mdogo, Mungu amlaze mahali pema, alifunga sabuni kiwandani kwa miaka kumi na tisa kabla hajapewa koti la bluu la usimamizi. Siku alipolileta nyumbani alipika nalo, akaosha vyombo nalo, na mumewe alipomwambia alivue walau wakati wa sala, alimjibu, "Aliyelileta ni Mungu mwenyewe. Mwache alitazame."

Lakini koti lilikuwa la majaribio. Kiwanda kilikuwa kimechagua watu wawili wa kufunzwa usimamizi: yeye na fundi mitambo mmoja aliyeitwa Spana. Kila mmoja alipewa meza ya wafungaji kumi na wawili. Meza ilizoea kutoa katoni mia tatu kwa siku. Mkufunzi akasema atakayefikisha mia tatu na ishirini siku ya Ijumaa atabaki na koti, na atakayeshindwa atarudi alikotoka.

Mafunzo yote Mama Mdogo aliyaandika kwenye daftari, na moja lilimkaa moyoni: msimamizi hakai kitini, hupita akaona. Basi akapita. Jumatatu alipita mara nane, zikatoka katoni mia mbili na sabini. Akajilaumu kwa uvivu. Jumanne akapita mara kumi na mbili, zikatoka mia mbili na arobaini.

Jioni ile alimhesabia mumewe hatua alipokuwa akichemsha chai.

"Hatua kumi na saba kwa kikombe kimoja," akamwambia. "Wewe ndiye unayeturudisha nyuma."

"Na kikombe chenyewe ni chako," mumewe akajibu.

Jumatano alishika saa, akampima kila mfungaji. Mikono yote ilikuwa myepesi, hakuna mzembe hata mmoja. Spana akapita akijifuta grisi.

"Dada, hilo koti linakubana, au ni macho yangu?"

"Linawabana wenye wivu."

"Mia mbili na arobaini. Hizo hata sabuni zenyewe zingejifunga."

Mama Mdogo akaenda kukaa mwisho wa meza, karibu na mzee aliyebandika katoni, ambaye wote walimwita Babu Gundi.

"Babu, nini kinatuponza?"

"Nikisema utaninunia."

"Sema tu, babu yangu."

"Ukienda chooni, mama, sabuni zinakuja kama mvua. Ukirudi, kiangazi."

Maneno yalimchoma. Hata hivyo aliinuka akapita tena, safari hii macho wazi. Wa kwanza akaweka sabuni chini, akafuta mikono, maana mtu mwenye adabu hamwamkii mkubwa huku ameshika kazi. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, mtoto amepona?" Mtoto alikuwa amepona, ila chakula bado anakichagua. Wa pili alikuwa ameshaweka mikono mapajani kungoja zamu yake. Alipofika kwa wa sita, sabuni zilikuwa zimejaa mezani na zinaanguka sakafuni. Alipofika kwa wa kumi na mbili, alikuwa ameshapata habari za homa, za paa linalovuja na za mkwe asiyeambilika. Naye, kwa malezi aliyolelewa, hakuwahi kumruka mtu.

Akapiga hesabu. Watu kumi na wawili, mara kumi na mbili kwa siku. Salamu mia moja arobaini na nne.

Akaegemea ukuta akacheka hadi akashika mbavu. Kicheko kile ndicho tunachokikosa siku hizi, hata nyumba imekuwa kubwa mno. "Babu," akasema, "kumbe mchawi ninayemsaka nimemvalisha koti."

Kumkataza mtu salamu asingeweza. Hiyo kwake ilikuwa dhambi. Alhamisi akafika nusu saa kabla ya kengele, akasimama mlangoni, akamsalimia kila mmoja salamu kamili, wakwe na wagonjwa wote ndani. Kisha akatangaza kwamba kengele ikilia, salamu zimefungwa hadi saa kumi. Siku hiyo zikatoka mia tatu na tisa. Mfungaji mmoja aliinua uso kila alipopitiwa, akihofia kwamba mama amekasirika.

Ijumaa walikuja mapema wenyewe, wakapanga foleni mlangoni. Mama Mdogo alikuwa amefunga, hajala tangu alfajiri, midomo imekauka kwa kuomba.

Saa tisa mkufunzi akaingia na karatasi zake.

"Hamjambo?"

Kimya. Vichwa kumi na viwili vimeinama, mikono inakwenda.

"Habari za kazi?"

Kimya. Mkufunzi akabadilika rangi, akamsogelea Mama Mdogo. "Mama, wamegoma?"

"Hapana, mwalimu," akamnong'oneza. "Salamu zimefungwa. Zako zimepokelewa, utajibiwa saa kumi."

Mfungaji mmoja akapaliwa na kicheko, mabega yakamtikisika, lakini mikono haikusimama. Hata Spana, aliyekuja kuchungulia kengele ikikaribia akiwa na katoni zake mia tatu na nne, alipita kwa ncha za vidole.

Saa kumi kengele ikalia. Babu Gundi akahesabu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakujiamini. Mia tatu ishirini na sita. Mkufunzi akatia sahihi, akakunja karatasi aondoke. Hakuwahi kufika mlangoni. Wafungaji wote kumi na wawili walifuta mikono wakamzunguka, mmoja baada ya mwingine, hatujambo mwalimu, mama hajambo, watoto je, na yule mdogo ameshaota meno. Mama Mdogo akakaa juu ya katoni, koti lake limemjaa vizuri mwilini, anacheka na kumshukuru Mungu kwa sauti, na hakumwokoa.