Mkaja wa Mapenzi

Miguu yangu haitulii mahali, lakini nikipita Timbwani hulala kwa Mapenzi, mjane wa ndugu yangu Kalama. Anauza nazi sokoni Likoni, na magunia huyashusha mwenyewe.

Safari hii nilimkuta amesimama mlangoni, kiuno amekikaza hata pumzi fupi.

"Shemeji, umekuwa askari? Kaa tuzungumze."

"Kaa wewe, mzururaji. Mimi nikikaa naona kama nimekalia yai."

Nikacheka. Naye akaanza kucheka, mara akabana miguu. Leso aliyovaa ilikuwa imelowa.

Mashemeji ni watani, basi akaniambia. Tangu damu yake ya mwezi ianze kurukaruka, kuna kitu kinamshukia chini, na mkojo hausubiri. Dawa akajipa mwenyewe: kujikaza tumbo kwa mkaja, ile nguo aliyoletewa na wakwe siku bintiye Velma alipoolewa, heshima ya tumbo lililozaa. Zamani kila akijifungua mamake alimkaza hivyo, na tumbo likarudi. Sasa kitu kikishuka, yeye akaza zaidi.

Velma akampeleka zahanati. Muuguzi akamwambia nyama za chini zinazoshika kizazi na kibofu zimelegea, na umri huu huzidi kulegea. Si aibu, yatibika. Kuna mazoezi ya kuzibana na kuziachia, na kuna pete ya kuinulia kizazi, angewekewa Jumatatu.

"Lakini mama," muuguzi akaendelea, "gunia usiguse. Na mkaja uache, wabana juu, wasukuma chini. Siku mkojo ukikataa kutoka, usingoje. Kimbia hospitali."

"Haya, mwanangu," Mapenzi akaitikia.

Ijumaa likaja lori la nazi.

Kesho yake nilimkuta amejilaza, mkaja una mafundo mawili, jasho usoni, tumbo limejaa kama ngoma. Tena anatabasamu.

"Shemeji, waniona? Muuguzi wenu hajui kitu. Tangu jana sijalowa hata tone."

Velma alikuwa anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Mama, chooni umeenda?"

"Naenda, narudi, hakuna kitu. Si nimekwambia nimepona?"

Velma akainama afungue fundo, likakataa.

"Baba mkubwa, lete kisu. Kisha uniitie tuktuk."

Nguo ilipoachia, Mapenzi aliacha kutabasamu. Nilikuwa sijafika barabarani niliposikia ameanza kulia.