Njia za Uani

Binti wa kaka yangu amekuja likizo kutoka Dodoma. Juzi tunakunywa chai akaniuliza, "Shangazi, hivi Kariakoo kuna nini cha kuona zaidi ya maduka?" Mimi niliyezaliwa kule! Swali lilinichoma. Nikamwambia avae viatu, nikamwonyeshe Kariakoo ambayo wageni hawaijui, na nyumba yetu ndani yake. Iliuzwa bibi alipofariki, na tangu siku hiyo nilikuwa sijapita mtaa ule.

Maana sisi watoto, rafiki yangu, barabara tuliwaachia wakubwa. Tulikuwa na njia zetu za uani. Nyumba zilikuwa zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, uani nyuma, na uani wa huku ulikuwa na kimlango cha kutokea uani wa kule. Uliingia mtaa huu ukatokea mtaa wa pili bila kukanyaga lami, ilimradi upige hodi na umwamkie kila mtu mzima uliyemkuta. Ukimruka mmoja tu, habari zilifika nyumbani kabla yako.

Bibi alipika vitumbua asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kuvifikisha kwa majirani vikiwa bado moto. Nilipita mbio, iliki inanijaa puani. Uani wa kwanza mama mmoja alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, na wala hakuinua kichwa. "Marahaba, pita, usinimwagie tui." Uani wa pili fundi cherehani na redio yake inayokoroma. Wa tatu mzee wa njiwa, ambaye lazima umsikilize kwanza habari za njiwa. Nikirudi nilikuwa nimeshapata sababu ya kutoka tena. "Mtoto huyu hakai," bibi alikuwa akisema, "ukimwona amekaa, mpime homa."

Mpaka leo sikai. Tulipofika nilitembea mbele, mtoto wa watu ananikimbilia nyuma, wasukuma mikokoteni wanatupigia kelele tupishe. Kona ya kwanza ghorofa. Ya pili ghorofa. Ya tatu nikaona mlango wa mbao wa zamani, nikabisha hodi. Kijana akachomoza kichwa katikati ya marobota.

"Karibu mama. Jumla au rejareja?"

"Napita tu mwanangu, natokea uani."

"Huko hamna njia, mama. Tumejenga stoo."

Nikamshukuru, nikazidi kukaza mwendo. Sasa nilikuwa naogopa, sikufichi. Nyumba yetu niliitambua kwa msikiti wa jirani tu. Juu ghorofa, chini duka la mabegi, yamening'inizwa mpaka mlangoni.

"Jikoni kwenu palikuwa wapi?" binti akauliza.

Nikajipenyeza katikati ya mabegi, nikakisia, nikasimama. "Hapa. Bibi alikuwa anakaa hapa, kwenye kigoda."

Akatazama vigae, akanitazama mimi. Aliniamini, mtoto mzuri yule, lakini hakuona kitu, na mimi nilitaka sana aone, hata kipande cha ukuta. Nilisikia machozi yanakuja. Mwenye duka naye alikuwa ameshasogea, kashika upondo wa kuangulia mabegi.

"Mama, nikushushie la rangi gani?"